Fahamu: Barabara za Nairobi zikifungwa, nani hulala njaa?

Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi. Matatu zilikwama, watu wakatembea kwa miguu, shule kadhaa zikawaambia wazazi wabaki na watoto nyumbani.

Pigo kubwa hutua jikoni. Familia nyingi za mitaa ya Mathare, Kibera na Mukuru hununua kadogo: unga wa leo, mafuta ya kupima, sukuma wiki ya jioni. Akiba ya wiki haipo. Mama mboga hudamka alfajiri kwenda soko la Marikiti au Muthurwa. Asipofika huko, kibanda ni kitupu. Mzazi wa kibarua naye hupoteza ujira wa siku, na mwenye nyumba hatapunguza kodi kwa sababu kulikuwa na maandamano.

Ajabu ni kwamba hasira ya waandamanaji wa 2024 ilichochewa pia na bei ya chakula: Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Pendekezo hilo liliondolewa, lakini maandamano yaliendelea. Waandamanaji walivamia Bunge Juni 25, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini mswada wote.

Wakuu wa polisi, kama ni lazima mfunge mji, acheni wazi njia za masoko na hospitali.