Ukimwibua, usimwache juani



Nilikuwa Wesha, bandari ndogo ya Chake Chake kisiwani Pemba, siku boti ya faiba inayopeleka wageni Misali ilipozama nangani kwa mvua ya masika. Vijana walitaka kuiopoa asubuhi ileile. Fundi, mzee wa Kiislamu, akawazuia: “Bado, wanangu. Kwanza leteni maji matamu na oili.” Akanigeukia: “Padri, chuma chini ya maji kimelala. Kikipata hewa na chumvi ingalimo, kutu huamka.”

Maji yalipokupwa, wakafunga mapipa matupu ubavuni mwa boti. Bahari ilipojaa ikainyanyua yenyewe, wakaivuta mchangani na kuyafua maji. Mzee hakumpa mtu nafasi ya kupiga picha. Mashine ikavuliwa, ikaoshwa kwa maji matamu, plagi zikatolewa. Akavuta kamba polepole hadi maji ya ndani yakaisha, akamimina oili, akafungua kabureta. Jioni ilinguruma.

Pembeni palikuwa na mashine nyingine, iliyoibuliwa wiki mbili kabla ikaachwa kumngoja fundi. Pistoni ilikuwa imegandana na silinda. Haikufia baharini ile. Ilifia nchi kavu.

Mtakatifu Paulo anawataka Wagalatia (6:1) wamrejeshe kwa upole aliyeanguka. Kitenzi chake cha Kigiriki ndicho Mathayo (4:21) anachotumia kwa Yakobo na Yohane wakitengeneza nyavu. Kigiriki cha seminari kimenitoka karibu chote, lakini hili limebaki. Ni kazi ya fundi, si ya watazamaji.

Sasa nikuambie linaloniuma. Mwaka jana alirudi kanisani ndugu mmoja ambaye ulevi wake kijiji kizima kiliujua. Jumapili tulimpigia makofi. Jumatatu hakuna aliyebisha hodi kwake, si jumuiya, si mimi paroko. Waliobisha walikuja na chupa. Wiki ya nne nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu, nasi tukasema hakuwa ameongoka kweli.

Katika jumuiya yako yupo aliyeibuliwa majuzi, na jina lake unalijua. Usingoje mkutano wa mwezi. Wa kwangu anakaa mwendo wa saa moja kwa miguu. Nimeshamwambia katekista kesho asubuhi asinipangie kitu.