Moto wa moshi: sindano inaweza kudanganya



Mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita alikosa masomo karibu mwezi mzima, kwa kukosa minervali. Kamio ya baba yake ilikuwa imekufa milimani kati ya Beni na Butembo, imebeba saruji toka Kasindi. Fundi alipofungua moteri, akakuta pistoni mbili zimeyeyuka kichwani. Baba alishangaa sana. Mbele ya usukani aliwekewa chombo cha kupima moto wa moshi. Aliambiwa asipite digri 700, na sindano haikupita 640. Basi sindano ilidanganya namna gani? Tulitafuta, na haya ndiyo tuliyoelewa.

Katika moteri ya mazutu, ukikanyaga zaidi, mazutu inaongezeka na moto unaongezeka. Huku kwetu Butembo tuko karibu mita 1.700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mazutu ile ile inapata hewa kidogo na moshi inatoka na moto zaidi. Pistoni ni za alumini, ambayo inayeyuka kwa digri 660 hivi. Zinapona kwa sababu mafuta na maji vinazipoza. Lakini moto ukizidi na mlima ni mrefu, haziwezi tena.

Chombo chenyewe kinaitwa termokupli. Ni waya mbili za metali mbalimbali zilizoungwa kwenye ncha. Mjerumani Thomas Johann Seebeck aliona mwaka 1821 kwamba ncha moja ikiwa ya moto na nyingine ya baridi, umeme kidogo unazaliwa. Termokupli ya aina ya K inatoa milivolti 29 hivi kwa digri 700. Angalieni vizuri: haipimi moto wa ncha peke yake, inapima tofauti kati ya ncha mbili. Ndiyo maana saa ya kusomea inaongeza yenyewe moto wa pale ilipofungwa.

Sasa makosa ni matatu.

La kwanza, kuweka ncha nyuma ya turbo. Moshi ikisha kuzungusha turbo imepoteza moto, pengine digri 100 au zaidi. Mpaka wa 700 ni wa mbele ya turbo.

La pili, ncha kutofika katikati ya bomba. Ikikaa karibu na ukuta, inapozwa na ukuta.

La tatu ndilo lililomkuta baba yule. Waya ilikuwa fupi, wakaiongeza kwa waya ya shaba ya kawaida, wakaiunga karibu na moteri. Pale kwenye kiungo palikuwa na digri 90. Ndani ya kabini, 30. Saa iliongeza 30 tu. Digri 60 zikapotea: ile 640 ilikuwa 700 kamili! Waya ya kuongeza lazima iwe ya aina ile ile ya termokupli.

Kumbe makosa yote matatu yanadanganya upande mmoja: yanaonyesha moto mdogo, na shofere anazidi kukanyaga bila woga.

Jaribio ni rahisi. Tembeza moteri mpaka ipate moto, izime, ngoja bomba lipoe kidogo, toa ncha, itie katika maji yanayochemka. Msingoje 100: hapa Butembo maji yanachemka karibu digri 94. Sindano ikionyesha 40, usipande mlima. Hata ikionyesha 94, hakikisha tena mahali ncha inapokaa, maana maji hayawezi kukuambia hayo.

Katika fizika tunapenda kuandika jibu haraka. Ndugu, kabla ya kuamini namba, tuulize kwanza: imepimwa wapi, na kwa waya gani?

Kapita wenu, mwaka wa sita