Leza Angani: Sehemu ya Pili

Wiki jana tulieleza jinsi leza inavyozaa mwanga. Leo tuufuate mwanga huo hadi anga ya Matuga, kusini mwa Mombasa.

Msimu wa kaskazi, ndege zinazotua katika uwanja wa Moi, Mombasa, mara nyingi huingia kutoka kusini ili zikabili upepo, zikiacha Diani na Tiwi upande wa kulia. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3. Rubani akibakisha kilomita 10, yuko juu kwa mita 500 hivi tu.

Kijana aliye uani na kalamu ya leza hudhani doa lake ni dogo kote liendako. Sivyo. Mwale wa kalamu ya kawaida hupanuka takriban mita 1 kwa kila kilomita. Ukifika kwa rubani umeshatanda usoni pake, na mikwaruzo ya kioo huutawanya chumba kizima.

Je, unapofusha? Hapa waandishi wenzangu hutia chumvi. Kalamu halali ya kijani, ya miliwati 5, haiunguzi jicho kwa umbali huo. Uwezo wake wa kulitia jicho kiwi haufiki mita 100. Mng'ao unaozuia kuona hufika mita 350 hivi. Kumshtua rubani, hata kilomita 3. Kwa mita 500, basi, macho ni salama kiasi, ingawa rubani bado aweza kushtuka.

Lakini nani amepima ile inayouzwa kando ya barabara? Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilijaribu kalamu 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani zilipita kikomo. Nguvu ikizidi mara kumi, umbali wa madhara huzidi mara tatu: mng'ao unavuka kilomita moja. Rubani tayari yumo ndani ya umbali huo, macho yamezoea giza, ndege inakwenda mita 70 kwa sekunde.

Wapenzi wa soka wanakumbuka Dakar, Machi 2022, uso wa Mohamed Salah wa Misri ukiwa kijani kwa leza kabla ya kupaisha penalti. Yeye alipoteza mechi.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2018: hadi miaka 5 jela, uwe umemulika ndege, meli au gari. Wiki ijayo tutazame sheria zetu, na pia leza za burudani ambazo hoteli za ufuoni huzielekeza juu.