Wimbo wa shilingi 10 waacha somo kwa watunzi

MTUNZI anayeuza kazi yake moja kwa moja ili apate fedha ya haraka huwa ameuza pia mapato ya watoto na wajukuu wake. Ndivyo ilivyotokea kwa "Mbube", wimbo wa Afrika Kusini ambao haki zake zinaelezwa kuuzwa kwa shilingi 10, yaani nusu pauni ya wakati ule.

Wimbo huo ulitungwa na Solomon Linda, Mzulu aliyefanya kazi katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Aliurekodi mwaka 1939 akiwa na kundi lake, Original Evening Birds. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 The Weavers waliupiga Marekani kwa jina la "Wimoweh". Mwaka 1961 The Tokens waliupandisha hadi nafasi ya kwanza nchini humo kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 ulisikika katika filamu ya Disney, The Lion King.

Linda alifariki dunia mwaka 1962 akiwa maskini.

Kilichowaokoa warithi wake ni kifungu cha sheria. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, iliagiza haki zilizouzwa na mtunzi zirudi kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda, mwaka huo ulikuwa 1987. Mwaka 2004 Disney ilifunguliwa kesi nchini Afrika Kusini, na Februari 2006 warithi walifikia mapatano na Abilene Music, kampuni iliyokuwa na haki za wimbo huo. Walikubaliwa malipo ya kuanzia 1987, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza.

Hata hivyo, mtunzi wa leo hapaswi kutegemea bahati ya aina hiyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 huilinda kazi tangu inapobuniwa, katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi COSOTA si sharti la kuwa na haki, lakini husaidia kuthibitisha umiliki ugomvi unapozuka. Nakala za kwanza zenye tarehe nazo zihifadhiwe.

Katika mkataba, njia yenye faida ya kudumu ni kukodisha haki, kama afanyavyo mwenye nyumba kwa mpangaji. Maandishi yataje matumizi yanayoruhusiwa, nchi zinazohusika, muda wa mkataba, kiwango cha mrabaha na tarehe za kupokea hesabu za mauzo. Matumizi ambayo hayakutajwa yabaki kwa mtunzi.

Haki hizo ziandikwe pia katika wosia, zikiambatana na orodha ya kazi na mikataba, kwani warithi hawawezi kudai wasichokijua.

Mfanyabiashara naye ana lake la kuangalia. Kabla ya kuweka fedha katika muziki, kitabu au filamu, adai kuona hati inayoonyesha kwamba anayeuza ndiye mwenye haki. Mali bila daftari hupotea bila habari.