Amri Iliyofichwa Ndani ya Jina

Leo tutajifunza jinsi mtu mbaya anavyoweza kuitumikisha kompyuta isiyo yake.

Programu moja haifanyi kila kazi yenyewe. Programu ya picha, kwa mfano, huiandikia kompyuta amri: “Fungua picha iitwayo Maua.” Neno “Maua” limetoka kwa mtu aliyeleta picha. Je, mtu huyo akiandika: “Maua; futa hesabu zote”? Ile nukta mkato (;) yaweza kuiambia kompyuta kwamba amri ya kwanza imekwisha na ya pili inaanza. Programu isipochunguza, kompyuta hutii zote mbili, na hesabu za chama chenu zimepotea.

Jambo hili si hadithi. Mwezi wa Mei 2016 ilitangazwa kwamba programu ya picha iitwayo ImageMagick ilikuwa na kosa la namna hii. Faili lilijidai kuwa picha, kumbe maneno yaliyomo ndani yake yaliweza kugeuka amri. Kosa hilo lilisahihishwa.

Basi, dawa ni nini? Mtunga programu asichanganye amri yake na maneno ya mgeni. Kila kimoja kipelekwe peke yake. Nawe mtumiaji, masahihisho ya programu yakitolewa, yaweke upesi, wala usifungue faili la mtu usiyemjua.

Swali la kujadiliana darasani: Kwa nini kompyuta haikutambua kwamba amri ya pili ilitoka kwa mgeni?