Kurejesha Mng'ao wa Kiti cha Zamani (Sehemu ya Pili)

Kiti cha mbao kilichorithiwa, kiwe kimekaa sebuleni Baraka kando ya Ziwa Tanganyika au juu milimani Fizi, mara nyingi hufifia huku mbao yenyewe ikiwa bado nzima, kwa kuwa kinachochakaa ni ule utando mwembamba uliopakwa juu yake ili kuikinga na maji, jasho na vumbi. Kwa hiyo seremala hutakiwa kuutambua utando huo kabla ya kuuparuza, asije akaondoa kile ambacho kingetengenezeka.

Utambuzi huo hufanywa kwa kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, kinachosuguliwa mahali pasipoonekana, kama vile chini ya kikalio. Utando ukilainika na kunata, huenda ni shelaki, yaani ute mgumu wa wadudu wadogo wa India na Thailand, ambao husafishwa na kuyeyushwa katika spiriti. Usipolainika, yaelekea ni vernisi ya mafuta au ya kisasa. Kanyanga, pombe kali ya kienyeji, haifai kwa jaribio hili, hata iwe kali namna gani, kwa sababu maji yaliyomo huacha madoa meupe juu ya shelaki.

Shelaki ina faida kubwa: tabaka jipya huyeyusha kidogo lile la zamani na kushikamana nalo, hivyo kiti kikishafutwa uchafu na kukauka huweza kupakwa tena bila kubanduliwa chochote. Vernisi iliyobambuka haina uwezo huo. Hupaswa kusuguliwa kwa msasa namba 120, kisha 220, kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, kwani mikwaruzo inayozikata hujitokeza waziwazi mara tu vernisi mpya inapopakwa.

Mafuta ya mawese, yanayopatikana kwa urahisi Fizi, hung'arisha kiti kwa siku chache tu. Mafuta yanayofaa mbao ni yale yanayofyonza oksijeni ya hewa na kugeuka utando mgumu, kama mafuta ya kitani. Mawese hayana tabia hiyo, hivyo hubaki yakinata, hukusanya vumbi na kuzuia vernisi kushika. Hata hivyo, mafuta ya kitani yana hatari yake, kwa kuwa yanapofyonza oksijeni hutoa joto, na vitambaa vilivyolowa vikirundikwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe. Vinapaswa kutandazwa nje hadi vikauke.

Majira nayo yana uzito. Shelaki ikipakwa siku ya mvua hunasa unyevu wa hewa na kuwa na ukungu mweupe, kwa hiyo miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo inayofaa zaidi, mradi kazi ifanyike kivulini na mbali na vumbi la barabara.

Sehemu ya tatu itaeleza namna ya kukaza miguu na maungio yaliyolegea, kazi ambayo kwa utaratibu hutangulia upakaji.

(Itaendelea)