Jasho la Mbio Limfikie Anayeuguza

Tarehe 28 Aprili 2019 Eliud Kipchoge alishinda London Marathon kwa saa 2:02:37, na kwa mashabiki wengi wa Afrika Mashariki mbio ziliishia hapo. Nyuma yake maelfu walikuwa bado barabarani kwa sababu nyingine kabisa. Mmoja wao ni Scott Mitchell, mume wa mwigizaji Barbara Windsor, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa wa Alzheimer mwaka 2014. Mitchell alikimbia kuichangia kampeni ya Dementia Revolution, iliyochangisha zaidi ya pauni milioni 4 kwa ajili ya utafiti wa demensia. Utaratibu wa mbio za hisani ni rahisi: shirika la hisani hupata nafasi kwenye mbio, na anayeichukua huahidi kukusanya kiasi fulani kutoka kwa ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake. Sina ugomvi na maabara. Ila mgonjwa anapokuwa chini ya miaka 65, naona sehemu kubwa ya fedha hizi ingetangulia kwa mume au mke anayeuguza.

Demensia ya umri huo huweza kuingia nyumbani kwa sura ya ugomvi wa ndoa. Auguste Deter, ambaye kupitia kwake Dkt. Alois Alzheimer aliuelezea ugonjwa unaobeba jina lake, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, na mojawapo ya dalili za mwanzo ilikuwa wivu mkali juu ya mumewe. Mume huyo, mfanyakazi wa reli, alilemewa na gharama za hospitali. Mzigo huo haujabadilika sana. Mgonjwa wa umri huo mara nyingi bado ana watoto shuleni na mkopo wa nyumba. Anaachishwa kazi kwa kuonekana mzembe, kisha mwenzake naye anaacha kazi kwa sababu jiko limeachwa linawaka mara mbili katika wiki moja. Mishahara miwili inakatika, na vituo vya kutwa vimepangwa kwa wazee wa miaka 80.

Wapo watakaosema bila utafiti hakuna tiba. Kweli, lakini dawa ya kesho haimkalii mgonjwa usiku wa leo. Wengine watasema kuuguza ni jukumu la serikali, na hapo nakubaliana nao. Hata hivyo nchini Uingereza, yenye huduma ya afya ya umma, wauguzi maalumu wa familia zenye demensia, wanaoitwa Admiral Nurses, wanaendelezwa na kuungwa mkono na shirika la hisani la Dementia UK. Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayekimbia anamwacha mgonjwa. Ndiyo, na hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: mazoezi ya saa tatu Jumapili hayawezekani bila mtu wa kubaki nyumbani, kwa hiyo mwenye shida kuliko wote mara nyingi hata viatu havai. Basi fomu ya mchango iseme wazi: kati ya kila pauni mia, ngapi zitalipia saa za mtu wa kumpokea zamu.